Mvua ya masika na hisabati

SWALI: Nafundisha darasa la nne Muheza. Masika hii watoto wamejifungia ndani, hisabati imewachosha. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mvua hiyohiyo ndiyo somo. Tengenezeni kipimamvua: chukua chupa ya maji yenye ubavu ulionyooka, kata shingo, uipindue juu yake iwe faneli. Chini tia kokoto na maji kidogo, na hapo yalipofika maji ndipo sifuri ya rula. Usiiruke hatua hii! Kitako cha chupa kina mabonde; mwaka wangu wa kwanza vipimo vyote viliharibika.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 5 likipata milimita 10, ni lita 300. Wanafunzi wangu walizigeuza lita hizo kuwa ndoo 15 za lita 20, wakapiga kelele. Kisha wape vikonyo vya majani ya mpapai wajenge mfereji.