Umepokea kaya ya mafuriko? Anza na maji, si magodoro

Msomaji wa Kibiti ameuliza: kaya ya shemeji yake, watu saba, imehamia kwake baada ya Rufiji kufurika. Aanze na nini? Wengi watamwambia magodoro. Magodoro yatapatikana, ndugu yangu. Anza na maji.

Kiwango cha chini wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu saba ni lita 105, ndoo kubwa tano na ushee juu ya zile ulizozoea kuteka. Maji ya kisima kilichofurikiwa yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa ndipo utie dawa, maana tope huimaliza klorini na vijidudu vikabaki. Soma pakiti, vidonge havilingani nguvu. Kisha subiri dakika 30. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mtoto analia kiu, kikombe kinachotwa kabla ya wakati.

Bondeni, maji ya ardhini hupanda baada ya mafuriko. Mulika shimo la choo kwa tochi. Ukiona maji yamepanda, lifunge, uchimbe jingine palipoinuka, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Mtoto akiharisha: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visawazishwe juu, visijae kilima, anyweshwe mkielekea zahanati.

Mwenye dawa za presha, kifua kikuu au ARV muulize faraghani. Kadi ya kliniki ikisombwa, aende kituo cha afya vivyo hivyo. Asikatishe dozi akisubiri kadi.

Sasa daftari, na hapa watu wema huumia. Mpeleke mgeni kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wiki hiyohiyo, aandikishwe kama kaya yake mwenyewe, na kijiji alikotoka kitajwe. Ukimwingiza katika kaya yako, unga ukigawiwa kwa kaya mtapata fungu moja, na mbegu zikija atarukwa. Walio kambini huonekana. Aliyejibanza kwa ndugu hahesabiwi mpaka ajitokeze. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Jiko moja au mawili? Amueni siku ya kwanza, kwa sauti, wanawake wa pande zote mbili wakiwepo. Na tuache kumtupia mgeni methali ya jembe siku ya tatu: shamba lake liko chini ya maji. Mtafutie mbegu za mahindi ya muda mfupi mapema, maji yakishuka awahi kupanda mlau, yaani kilimo cha unyevu unaoachwa na mafuriko, kabla udongo haujakauka.