Monopodi au mikono mitupu kwa lenzi nzito uwanjani: jibu kwa aliyeuliza kuhusu 150-600

Ndugu muuliza swali, umesema una kamera ya Nikon D500 na lenzi ya Sigma ya milimita 150-600, toleo la Contemporary, kwamba unapiga picha mechi za Mashujaa hapa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, na kwamba mkono wa kushoto unakufa ganzi kabla ya mapumziko. Wachangiaji wawili waliotangulia wamekupa majibu yanayopingana: mmoja anasema monopodi, yaani mguu mmoja wa kuegemezea kamera, ni lazima kwa lenzi yoyote ndefu, mwingine anasema kitulizi cha mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi za siku hizi kimeigeuza monopodi kuwa mkongojo wa wazee. Kwa heshima zote, naona wote wawili wamejibu habari ya mtikisiko, ilhali wewe umeuliza habari ya uzito.

Tulimalize kwanza hilo la mtikisiko, maana ni fupi. Kanuni anayofundishwa kila anayeanza ni kwamba kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, isiwe chini ya moja kwa urefu wa lenzi, yaani ukipiga kwa milimita 400, kasi iwe walau 1/400 ya sekunde. Kamera yako ina kihisi (kipande kinachopokea picha) kidogo, hivyo urefu huo unauzidisha kwa 1.5, milimita 600 za lenzi yako zinahesabika kama 900, na kasi salama inakuwa 1/900 au zaidi. Lakini mpira wa miguu wenyewe unakudai kasi ya namna hiyo hata kama mkono wako ungekuwa wa chuma, kwa sababu mguu wa mshambuliaji anayeachia shuti hauwezi kutoka mkali kwa kasi ndogo, ndiyo maana wengi wetu huiweka kamera kwenye 1/1000 au 1/1250 tangu filimbi ya kwanza. Ukishafika hapo, mtikisiko wa mkono umebaki jambo dogo, na hakuna monopodi wala kitulizi kinachoweza kumsimamisha mchezaji anayekimbia. Anayekuambia kwamba monopodi itazifanya picha zako za mchana kuwa kali zaidi anakuahidi kitu ambacho shata imekwisha kukupa.

Kwa nini basi kando ya kila uwanja mkubwa unaona safu ya wapiga picha, kila mmoja na mguu wake mmoja? Sehemu ya jibu ni historia. Lenzi ya Canon ya milimita 400 yenye f/2.8 (namba ya upana wa tundu la mwanga; ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi), ambayo kwa miaka mingi imekuwa chombo cha kawaida cha wapiga picha za michezo, ilikuwa na uzito wa gramu 6,100 ilipotoka mwaka 1991. Toleo la kwanza lenye kitulizi, la mwaka 1999, lilikuwa gramu 5,370. La mwaka 2011 likashuka hadi 3,850. Na la mwaka 2018 likawa gramu 2,840 tu. Sony walitoa ya kwao mwaka huohuo wa 2018 ikiwa na gramu 2,895. Walimu wa walimu wetu walijifunza kazi kwa lenzi za kilo sita, na kwa uzito huo hapakuwa na mjadala wowote wa mikono mitupu. Mazoea yakabaki, lenzi zikapungua uzito zaidi ya nusu. Kwa hiyo anayesema monopodi ni ya zamani ana chembe ya ukweli, isipokuwa amesahau kwamba wengi wetu huku mikoani tunatumia lenzi zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu, na hizo ndizo zile nzito.

Sehemu ya pili ya jibu ndiyo ninayotaka uishike. Katika dakika 90 za mchezo, muda ambao kidole chako kiko kwenye kitufe na shata inafunguka ni mdogo sana. Muda wote uliobaki unangoja: mpira uko upande wa pili, mwamuzi anazungumza na nahodha, golikipa anavuta muda. Uzito hukumaliza wakati huo wa kungoja, na mtu aliyechoka hufanya jambo la kawaida kabisa la kibinadamu, yaani huishusha lenzi. Kuipandisha tena, kumtafuta mchezaji ndani ya tundu la kutazamia kwa milimita 600 ambako uwanja wote umekuwa kipande cha majani, kisha kuiacha fokasi imkamate, kunachukua muda mrefu kuliko bao lenyewe. Monopodi inakuwezesha kubaki jicho likiwa kwenye kamera hata pasipotokea kitu.

Kumbuka fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa hapa Kigoma tarehe 25 Julai 2021 kati ya Simba na Yanga. Bao pekee, la Taddeo Lwanga, lilipatikana kipindi cha pili mchezo ukielekea ukingoni. Mpira una tabia hiyo: jambo ambalo mhariri atalitaka kesho yake huja wakati mabega yako yamekwisha kulegea. Nikiangalia picha zangu za mechi nilizopiga kwa mikono mitupu na lenzi nzito, naona dalili zilezile kuanzia katikati ya kipindi cha pili: miguu iliyokatwa, mchezaji aliyesogea pembeni ya fremu, na hasa fokasi iliyoteleza kutoka kifuani kwa mchezaji ikaangukia mabango ya matangazo nyuma yake. Hiyo ya mwisho huwa tunailaumu kamera, lakini mara nyingi ni mkono uliochoka unaoyumbisha nukta ya fokasi.

Sasa tuje kwenye vifaa vyako. Sigma yako ina gramu 1,930 na D500 ina gramu 860, jumla ni kama kilo 2.8. Kwa maoni yangu huo ndio uzito wa mpakani. Chini ya kilo mbili na nusu kwa pamoja, mtu mwenye afya apige kwa mikono na ahesabu monopodi kuwa mzigo. Ikizidi kilo nne, kwa mfano bodi (mwili wa kamera) kubwa ya kitaalamu pamoja na lenzi ya 400 f/2.8 ya matoleo ya zamani, asijadiliane na mtu, aweke mguu chini. Katikati ya hapo inategemea unakaa wapi na unapiga nini, na pia uzito umelalia wapi. Lenzi ambayo vioo vyake vizito viko mbele inachosha kuliko yenye uzito uleule uliorudishwa nyuma karibu na bodi. Ni kama ndoo ya maji, ukiikumbatia unafika nayo nyumbani, ukiinyooshea mkono haifiki hata mlangoni. Yako ni zumu inayorefuka, ikifika 600 kichwa chake kinakwenda mbele na mkono wako unalijua hilo hata kama mzani hausemi.

Ukikaa kwenye kigoda nyuma ya mstari wa goli, ambapo ndipo ninapokushauri ukae kwa lenzi ya urefu huo, tumia monopodi. Ifupishe mpaka tundu la kutazamia lije lenyewe kwenye jicho bila wewe kuinama, na usiisimamishe wima kama mlingoti. Ncha yake itangulie mbele kidogo ili uweze kuinua na kushusha lenzi kwa kuegemea nyuma na mbele. Funga monopodi kwenye futi la lenzi, yaani kile kiguu kilicho chini yake, kamwe si kwenye bodi ya kamera. Legeza kidogo skrubu ya ile pete inayoshika lenzi ili uweze kugeuza kamera kutoka picha ya kulala kwenda ya kusimama bila kuondoa jicho. Kichwa chenye tufe kinachozunguka kila upande, kile cha tripodi, sikipendi kabisa juu ya monopodi: kikilegea, kilo tatu zinaanguka upande wowote zinaoutaka. Mkono wa kushoto uweke juu ya mwili wa lenzi, ukiukandamiza taratibu.

Masika yana shida yake. Ncha ya monopodi hudidimia kwenye ardhi iliyolowa, na kila ikididimia fremu yako inashuka bila wewe kujua. Kipande cha raba ya tairi kilichokatwa ukubwa wa kiganja, ukikanyagia ncha juu yake, kinatosha.

Ukiwa unatembea kando ya uwanja, au unafuatilia benchi la ufundi na mashabiki, iache. Tena kuna mambo ambayo monopodi inayaharibu waziwazi. Mpira wa juu unaogombewa kwa vichwa unakutaka uinue lenzi ghafla, na mguu uliokita chini hukuchelewesha. Mshambuliaji akishafunga na kukimbilia kibendera cha kona ulipo wewe, lenzi ya 600 haikufai tena kwa vyovyote vile. Hapo ndipo kamera ya pili yenye 70-200 inapokuokoa, na ile kubwa unaiacha ikining'inia kwenye mguu wake huku umeushika kwa mkono mmoja. Kwenye mpira wa kikapu na netiboli, ambako wachezaji wanakuangukia mapajani, sioni sababu ya kuwa na fimbo ya chuma mbele yao, na wasimamizi wengi huikataza. Halafu kuna jambo ambalo watu wa bara hawalipati sana: ukipata kazi ya kupiga mitumbwi ikishindana ziwani nawe uko ndani ya boti ya injini, usithubutu kukita monopodi kwenye sakafu ya boti. Mtetemo wa injini utapanda moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Mwili wako, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, unaumeza mtetemo huo vizuri kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Kinyume chake, riadha ndiyo mahali pekee ambapo monopodi inakupa picha ambayo mikono inakupa kwa kubahatisha. Mwaka 2022 Tabora ilipokuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, na michezo ya shule huwa na mbio nyingi, mpiga picha alikuwa na nafasi nzuri ya kushusha shata hadi 1/125 au hata 1/60 na kumfuatisha mkimbiaji ili yeye atoke mkali na nyuma yake pavutike kuwa mistari. Kwa kasi hizo mtikisiko unarudi kuwa adui wa kweli, hasa ule wa juu na chini, na mguu mmoja unauzuia huo huku ukiuacha mzunguko wa kushoto na kulia ukiwa huru. Kama lenzi yako ina hali ya kitulizi inayoitwa namba 2, iliyokusudiwa kufuatisha kitu kinachopita, iweke hapo.

Kuhusu mwanga, uliuliza kama monopodi itakusaidia jioni. Wengi hawatambui kwamba sisi tuna bahati: Kigoma iko karibu na nyuzi 29.6 mashariki wakati saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa nyuzi 45, hivyo jua letu huzama kama dakika 40 baada ya la Dar es Salaam. Mechi iliyoanza saa kumi huisha jua likiwa bado lipo juu ya milima ya ng'ambo ya ziwa, na unaweza kubaki na 1/1000 hadi mwisho hata kwa f/6.3 ya lenzi yako, ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ikipanda kidogo kidogo. Siku ya mawingu mazito panda hadi ISO 3200 au zaidi, uvumilie chengachenga. Kushusha shata kwa kutegemea monopodi kutakupa majani makali na wachezaji wenye ukungu.

Mwisho, umeuliza alumini au kaboni. Kwa monopodi tofauti ya uzito si kubwa, na uzito wenyewe unabebwa na ardhi, kwa hiyo nunua ya alumini na fedha inayobaki iongeze kwenye uimara. Chagua inayohimili walau kilo tano. Skrubu yake ikiwa ya inchi 3/8 na futi la lenzi yako likiwa na tundu la 1/4, tafuta kipunguzio kabla ya siku ya mechi, na uikaze skrubu tena wakati wa mapumziko, kwa sababu kubeba lenzi begani ikiwa juu ya monopodi huilegeza taratibu. Dukani ikunjue yote, ifunge kamera yako juu yake, kisha usimame wima uone kama tundu la kutazamia linafika usawa wa jicho, maana nyingi za bei nafuu huishia kifuani.