Trela dogo la familia: kitanda cha kudumu apewe nani?

SWALI: Tunaishi Minnesota, mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Gari letu ni Toyota Highlander ya V6 inayoruhusiwa kuvuta pauni 5,000. Tumeona matrela mawili ya kulala ya futi 17, na kila moja likijazwa halitakiwi kuzidi pauni 3,800. La kwanza lina kitanda cha wazazi mbele, kimelazwa kwa upana, meza ya katikati inageuzwa kitanda cha watoto, na choo kiko nyuma. La pili lina vitanda vya deka nyuma, choo katikati, na meza ya mbele ndiyo inayogeuzwa kitanda chetu. Mke wangu anapenda la kwanza kwa ajili ya kitanda. Muuzaji anasema gari litavuta lolote kati ya hayo. Tuchukue lipi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa watoto wa umri huo ningechukua la pili. Kazi yangu ni kutengeneza matrela haya, na familia zenye watoto wadogo hazinilalamikii sana ufinyu wa kitanda. Zinalalamikia jioni. Mtoto wa miaka 5 analala saa mbili usiku. Katika trela la kwanza, akishalala yeye meza haipo tena, viti havipo, na ninyi wawili mtabaki mmejikunja kitandani gizani mkinong'onezana mpaka usingizi uwapate. Mvua ikinyesha kando ya Ziwa Superior, nje hakukaliki. Katika la pili watoto wanapanda deka, mnavuta pazia, na meza inabaki yenu mpaka mtakapotaka kulala. Kitanda cha kudumu apewe anayelala mapema.

Mke wako hata hivyo ana hoja. Kitanda cha kuunga kila usiku kinachosha, na godoro lake ni vipande vya mito vyenye mianya. Dawa yake ni godoro jembamba la kutandika juu, linalokunjwa mchana na kuwekwa kwenye deka. Na asidhani kitanda cha kwanza hakina kasoro. Kikilazwa kwa upana, urefu wake haupiti upana wa trela kwa ndani, kwa hiyo mtu mrefu hugonga ukuta kichwa na miguu. Wa upande wa ukutani akitaka kwenda chooni usiku ni lazima amruke mwenzake. Vueni viatu mlale juu yake palepale kwa muuzaji, dakika kumi, wote wawili.

Sasa uzito, na hapa maneno ya muuzaji hayatoshi. Pauni 5,000 ni za kuvuta. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Trela likivutwa, sehemu ya uzito wake hulalia ndoano ya gari, na sehemu hiyo inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela. Kwa pauni 3,800, asilimia 12 ni pauni 456. Tuseme kibandiko chako kimeandikwa 1,450. Toa 456, toa watu wanne wenye jumla ya pauni 450, zinabaki 544 za ndoano yenyewe, sanduku la barafu, baiskeli na kila mnachopakia garini. Zinatosha, ila si nyingi. Ndoano nayo ina kikomo chake, na kwa magari ya uwezo huu mara nyingi ni pauni 500. Asilimia 15 ingekuwa 570, tayari umepita.

Ndiyo maana mpangilio wa ndani si suala la usingizi peke yake. Mzigo ulio nyuma ya ekseli hunyanyua pua ya trela, na trela lenye pua nyepesi huanza kuyumba likivutwa kwa kasi. Deka mchana hugeuka stoo, kila mtu hurundika humo vitu vizito. Msifanye hivyo, wekeni humo matandiko na nguo tu. Kisha inama chini ya trela uone tangi la maji safi liko wapi. Galoni moja ya maji ina pauni 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 25 ni zaidi ya pauni 200, na likiwa nyuma kabisa ya ekseli utalihisi kwenye usukani. Lile la kwanza lina shida hiyohiyo: choo kikiwa nyuma, kwa kawaida tangi la kinyesi nalo liko huko, na kurudi nyumbani limejaa ni hatari.

Choo na shawa kuwa chumba kimoja kusiwasumbue. Kwetu ni jambo la kawaida, na katika futi 17 chumba cha pili cha shawa kingekula jiko. Mkumbuke tu kuondoa maji kwenye mabomba na kutia dawa ya kuzuia kuganda kabla ya baridi, la sivyo yatapasuka. Trela lenye ukuta unaosukumwa nje sikushauri: linaongeza uzito, mipira yake huvujisha maji, na ukitaka kupika chai kando ya njia huenda usifikie jiko mpaka ulifungue.

Watu wanne wakilala ndani, pumzi zao hulowesha kuta. Acheni feni ya darini wazi kidogo hata kukiwa baridi, na inueni magodoro kila asubuhi, maana ukungu huanzia chini yake.

Hakikisha pia gari limefungwa kidhibiti cha breki za trela. Kabla ya safari ndefu, tuseme ya kwenda hifadhi ya Badlands kule South Dakota, pakieni kila kitu, maji yakiwemo, mpite kwenye mzani wa malori kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu. Upepo wa ubavuni kwenye barabara kuu ya I-90 ya huko ni mkali. Mkikuta uzito ulio kwenye ndoano hauifikii asilimia 10, hamisheni mizigo ya nyuma mbele ya ekseli, mpime tena kabla ya kuondoka.