Mdogo wangu, toka kwenye lile kundi usiku huu huu

Jumanne iliyopita saa nane usiku simu yangu iliingia meseji, na nikajua tu, maana anayeulizia bei ya dagaa haulizi saa nane usiku. Kijana mmoja alikuwa ameona komenti yangu ya zamani ambayo niliandika kwamba na mimi niliwahi kutaka kufa. Akaandika, "Kaka samahani, kuna grupu nipo, watu wanaongelea njia za kujiua. Wao wananielewa kuliko mtu yeyote hapa nyumbani. Naomba uniambie wewe ulitokaje."

Nilimpigia palepale, sikuandika. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri. Lakini najua yeye siyo peke yake ndo maana naandika na hapa, kwa ruhusa yake. Kundi sitalitaja jina, wala yaliyokuwa yanasemwa kuhusu njia sitayasema, na ukija inbox kuniuliza hayo nitakachokujibu ni kukuuliza uko wapi na uko na nani.

Mimi nanunua dagaa Mwaloni Kirumba hapa Mwanza napeleka Dodoma na Dar. Mwishoni mwa 2021 nikabeba mzigo mkubwa kuliko mtaji wangu, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo dagaa hawajakauka, wakaharibika wote, na hela yenyewe ilikuwa ya kausha damu. Asiyeijua kausha damu amshukuru Mungu. Unakopa laki tano, ukichelewa marejesho wanakuja watu wanne wanabeba TV, friji, mpaka godoro, na jirani wote wamesimama mlangoni wanaangalia. Walivyobeba godoro binti yangu Neema alikuwa amelala juu yake, wakamwamsha. Mke wangu akamchukua mtoto akaenda kwao Geita, na simlaumu hata kidogo. Nikabaki mimi, mkeka na simu.

Usiku nilikuwa natafuta kwenye simu vitu ambavyo mtu mzima hatakiwi kuvitafuta, na kutafuta kukanileta kwenye lile kundi. Siku ya kwanza niliandika mistari minne tu. Ndani ya dakika kumi watu saba wamenijibu. Saba! Wakati huo ndugu yangu wa damu, tumbo moja, alikuwa hapokei simu yangu anadhani namwomba hela. Hapa ndo wanaotushangaa huwa wanakosea, wanadhani mtu anaingia kule kwa sababu ni mjinga au imani yake ndogo. Hapana, anaingia kwa sababu kule hakuna anayemwambia "jikaze wewe ni mwanaume". Unasema naumwa moyo, wanaamini. Ile nafuu ni ya kweli na sitaki kudanganya mtu kwamba haikuwepo.

Ila ilinichukua wiki kama tatu kuona kitu. Ukiandika "leo nimeamka nafuu, nimekula", kimya, hakuna hata stika. Ukiandika "leo siwezi tena", unapata kopa ishirini. Kule maumivu ndo kiingilio, ukipona huna sehemu ya kukaa. Basi bila kujua nikawa siandiki siku zangu za afadhali, naandika zile mbaya tu, halafu nikawa nazitafuta zile mbaya. Watu walikuwa wanaulizana njia kama wanavyoulizana nauli, kwa upole kabisa, na mwingine akiaga anatakiwa safari njema. Na mimi nikawa naona ni kawaida.

Sasa hili sijawahi kuliandika popote. Usiku mmoja mtu mwenye picha ya ua la njano aliuliza, "Kuna mtu yuko macho?" Mimi nilikuwa macho. Nikamjibu, "Nipo, hata mimi naisubiri siku yangu." Akaniwekea kopa. Baada ya usiku ule sikumwona tena mle, sijui kama alifuta app, sijui kama alibadilisha namba, sijui. Miaka inapita bado naiona ile picha ya ua. Sikumuuliza uko wapi. Sikumuuliza kuna mtu hapo nyumbani. Nilimpa kampani ya kuondoka, ya kubaki sikumpa, na mtu akiuliza saa tisa usiku kuna nani macho maana yake bado anatafuta wa kumshika mkono, sasa hivi najua, wakati ule sikujua.

Mimi nilitoka kwa sababu LUKU iliisha.

Ilikuwa usiku nimeshaamua. Simu asilimia nne, giza, na mama mwenye nyumba akagonga anataka mchango wa umeme. Nikanyamaza. Akagonga tena, "Baba Neema najua upo, viatu vyako hivi hapa." Nikafungua. Akaninyanyulia tochi usoni, akakaa kimya, halafu akauliza, "Umekula?" Nikashindwa kujibu. Akaniuliza moja kwa moja, bila kuzunguka, "Mwanangu, unataka kujiua?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nililia mpaka nikakaa chini kwenye korido. Akaniambia nimpe nilichokuwa nacho, nikampa, akaenda kukifungia kwake, akarudi. Hakunisomea mistari ya dini, hakuniambia nina mtoto, nadhani alijua nalijua hilo. Yeye ni mama ntilie, akaniletea ungo wa maharage na tochi akasema nimsaidie kuchambua ya kesho. Tukachambua. Kijiwe huku, maharage huku. Mpaka saa kumi alfajiri nimechambua kilo kama tano hivi na lile wimbi lilikuwa limepita, matatizo yalikuwa yaleyale na deni ni lilelile lakini wimbi lilikuwa limepita. Watu wa afya ya akili nao wanasema hivyohivyo, ile saa ya hatari kabisa huwa inapanda na kushuka, na ukimweka mtu mbali na cha kujidhuru mpaka ishuke unakuwa umeokoa maisha. Na kumuuliza mtu wazi kama anataka kujiua hakumwekei hilo wazo kichwani, kunamtua mzigo. Yule mama hajasoma popote na aliyafanya yote mawili kwenye korido.

Kesho yake alinisindikiza hospitali. Pale mapokezi dada mmoja akaniuliza kwa sauti watu wote wanasikia, "Mwanaume mzima, dini yako inasemaje?" Nilitaka kuondoka, mama akanishika shati. Daktari tuliyekuja kumpata wiki iliyofuata ndo akaniambia hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inatibika. Miezi iliyofuata siisimulii, dawa, kuongea, kulipa deni kidogo kidogo. Leo nina vichanja vyangu mwenyewe vya kuanikia dagaa na Neema yuko darasa la nne, anakaa na mimi na mama yake, na najivunia kusema hivyo.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa na lile kundi limefunguka kwenye simu. Toka. Usiage, ukiaga watakurudisha kwa upole wao. Toka halafu mtafute mtu anayeweza kugonga mlango wako. Wale watu 300 wa kundini hakuna hata mmoja anayejua viatu vyako viko wapi. Mwambie mmoja tu, mpangaji mwenzio, shangazi, mwalimu, kwa maneno haya haya: "Nawaza kujiua, naomba usiniache peke yangu leo." Mpe vyote ulivyotayarisha. Kama wa kwanza atakukemea, nenda wa pili, wa kwanza kukosea haina maana huna watu. Halafu hospitali. Kenya wapo wa kuwapigia simu wakakusikiliza, Befrienders, 0722 178 177, na Red Cross 1199. Hapa Tanzania kama ni mtoto au unamhofia mtoto, 116. Mwingine nenda hospitali iliyo karibu hata usiku, ukiwa na mtu.

Najua wengi mnaogopa polisi. Kwetu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa, na mimi naona hicho kifungu kinaua watu kwa kuwafunga midomo. Kenya mahakama kuu imekitupa cha kwao, cha 226, Januari 2025. Lakini sikiliza, kusema una mawazo ya kufa siyo kosa. Kwenda kwa daktari kusema siyo kosa. Sema.

Na ninyi wazazi msiseme haya ni mambo ya wazungu. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema watu zaidi ya 720,000 wanajiua kila mwaka duniani, wengi wao nchi zenye kipato kama chetu. Uingereza binti wa miaka 14, Molly Russell, alikufa 2017, na 2022 afisa anayechunguza vifo akasema wazi kwamba vitu alivyokuwa anaviona mtandaoni vilichangia. Simu inakuletea unachokitazama. Kaa na mwanao, muulize, na akijibu usimpige wala usimnyang'anye simu kwa kelele, kaa hapo hapo.

Yule kijana wa Jumanne alikwenda kwa shangazi yake Nyakato asubuhi ileile. Jana usiku nimempigia, akapokea shangazi. Kasema wamekula ugali na sato, sasa amelala, na kliniki wanakwenda Alhamisi.