Sababu iandikwe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, mfalme aliyemtunuku mtu cheo anaweza kumvua wakati wowote apendao? Nitajibu kwa upande wa Uingereza, maana ndiko sakata la Andrew, mdogo wake Mfalme Charles III, lilikotufanya wengi tuulize. Inategemea ni cheo gani.

Andrew alikuwa na vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Umwanamfalme alizaliwa nao, na nani aitwe mwanamfalme ni kauli ya mfalme mwenyewe. Mfalme George V aliibana lakabu hiyo kwa hati ya mwaka 1917. Ndiyo maana mwaka 2025 Charles III aliweza kumwondolea ndugu yake umwanamfalme bila kupiga hodi bungeni. Cheo cha Duke wa York, daraja la juu kabisa la ukabaila, ni habari nyingine. Alipewa na mama yake mwaka 1986 alipooa, kwa hati yenye muhuri. Cheo cha namna hiyo, kikishatoka mkononi mwa mfalme, hakirudi kwa amri yake peke yake. Lazima Bunge litunge sheria. Kilichofanyika ni kuliondoa jina lake katika daftari rasmi la makabaila, asitambuliwe kwa cheo hicho katika shughuli za serikali. Cheo chenyewe hakijafutwa.

Wengi wanaudhika na ugumu huo. Mimi naupenda, na aliyenifanya niupende ni mtoto mmoja wa karne ya 15.

George Nevill alifanywa Duke wa Bedford mwaka 1470, angali mdogo sana, kwa kuwa ilitazamiwa angemwoa binti wa Mfalme Edward IV. Mwaka uliofuata baba yake aliuawa vitani Barnet akipigana dhidi ya mfalme huyo huyo. Ardhi ambayo mtoto angerithi ikaishia kwa Richard, mdogo wake mfalme. Kisha mwaka 1478 Bunge likamvua cheo. Kosa lake? Umaskini: hakuwa na mali ya kumwezesha kuishi kama duke. Waliomfukarisha ndio waliomhukumu kwa ufukara! Nikisoma habari hiyo bado naumia. Lakini naisoma kwa sababu Bunge liliandika sababu yake, na leo, zaidi ya miaka 500 baadaye, tunaweza kuipima na kusema ilikuwa dhuluma.

Sheria ya 1917 ya kuwavua vyeo waliojiunga na adui katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa na utu zaidi. Kamati ilichunguza kwanza, na majina hayakufutwa hadi Machi 1919. Mmoja wao alikuwa Duke wa Albany, mjukuu wa Malkia Victoria, mzaliwa wa Uingereza aliyepelekwa Ujerumani akiwa kijana akarithi utawala wa Coburg. Namwonea huruma, lakini alijua anashitakiwa kwa lipi. Tena sheria hiyo inamruhusu mrithi kuomba arudishiwe cheo.

Huko Denmark, kwa upande mwingine, Malkia Margrethe II alitangaza Septemba 2022 kwamba wajukuu wake wanne, watoto wa mwanawe Joachim, hawataitwa tena wana wa mfalme kuanzia Januari 1, 2023. Hawakuwa wamekosa lolote. Siku chache baadaye alieleza masikitiko kwa kuwaumiza, ila uamuzi ukabaki palepale. Angalau alisema wazi anachokusudia, yaani kuwaachia wajukuu hao wapange maisha yao bila kufungwa na majukumu ya nyumba ya kifalme.

Nirudi kwa York. Andrew hana mtoto wa kiume, hivyo cheo hicho kitakoma atakapofariki, na wapo wanaosema basi tungoje. Sikubaliani nao. Yeye anakanusha kutenda kosa katika uhusiano wake na Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyehukumiwa kwa makosa ya ngono. Bunge likiamini vinginevyo, na lipige kura, sababu iingie ndani ya sheria kwa maneno kamili, mahali ambapo wanawake waliolalamika wataweza kuisoma, naye pia.