Nguzo za zege kwa kibanda cha porini

Swali: Najenga kibanda cha mbao, mita 3 kwa 4, mahali gari halifiki. Nguzo za zege nizichimbie kina gani?

Jibu: Ndugu yangu, usianze na kipimo, anza na udongo. Chimba upite ule laini wenye mizizi hadi sururu igome, kisha panua kitako cha shimo. Changanya ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Maji tia kidogo kidogo. Mimi huvaa glavu nikalifinya zege: likishikana bila kuchuruzika, hapo sawa. Vichwa vya nguzo visawazishe kwa mpira wa maji, yaani mrija angavu uliojaa maji, ambao maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, na bolti za kushikia mbao zichomeke zege likiwa bichi. Halafu, nakusihi, lifunike kwa magunia yaliyolowa siku 7. Na kwa kuwa gari halifiki, maji ya kulowesha magunia hayo yafikishe huko kabla ya saruji.