Je, tufute picha zisizouzwa? Jibu kwa anayefikiria kupunguza mkusanyiko wake

Ndugu yetu aliyeuliza anaeleza kwamba ana picha zipatazo elfu mbili kwa mawakala wanne wa mtandaoni wanaowauzia wateja leseni za kutumia picha, yaani Shutterstock, Adobe Stock, iStock na Alamy, na kwamba zaidi ya nusu yake hazijanunuliwa hata mara moja kwa miaka mitatu. Anataka kujua kama azifute ili zile chache zinazouzwa zipate nafasi ya kuonekana. Nimeuza picha kwa njia hii kwa miaka mingi, nyingi zikiwa za Dar es Salaam, Zanzibar na mikoa ya Kaskazini, na swali hili hunirudia kila ninapokaa kukagua mkusanyiko wangu. Jibu langu ni kwamba kutouzwa peke yake si sababu ya kufuta picha. Zipo sababu nyingine za kufuta, na baadhi yake ni nzito kiasi kwamba hazistahili kungoja hata mwezi mmoja, lakini idadi ya mauzo ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Hofu ya wengi ni kwamba picha zilizolala huzivuta chini zile zinazouzwa. Tuangalie jinsi malipo yanavyopangwa. Shutterstock, tangu Juni 2020, huwapanga wapiga picha katika ngazi sita, kuanzia asilimia 15 hadi asilimia 40 ya fedha inayopatikana kwa kila leseni, na mtu hupanda ngazi kwa idadi ya picha zake zilizopakuliwa na wanunuzi ndani ya mwaka huo, kisha kila Januari 1 wote hurudishwa ngazi ya kwanza. Ukubwa wa mkusanyiko hauingii katika hesabu hiyo: mwenye picha mia tatu na mwenye picha elfu tatu, wote wakifikisha mauzo 251, huwa ngazi ya tatu na hupata asilimia 25. Adobe Stock nao hulipa asilimia 33 kwa picha bila kujali una picha ngapi. Picha iliyolala hailipiwi pango, na siku inaponunuliwa, hata kwa senti kumi za dola, inaongeza hesabu ya kupanda ngazi.

Alamy ndiko hali ilivyo tofauti, na huko ndiko ningeanzia kazi ya ukaguzi. Wakala huyu wa Uingereza hurekodi ni mara ngapi picha imetokea katika matokeo ya utafutaji na ni mara ngapi mteja ameibofya ili kuiona kwa ukubwa. Uwiano huo, pamoja na mauzo, huchangia daraja la mpiga picha mwenyewe, na daraja hilo huathiri ni picha za nani zitatangulia kuonekana. Kwa hiyo picha inayojitokeza mara nyingi mahali isipohitajika inawadhuru ndugu zake wote. Hata hivyo, ukichunguza utaona kwamba mara nyingi kosa liko katika maneno ya utafutaji, wala picha yenyewe haina hatia. Mtu ana picha ya shamba la kahawa huko Kibosho, siku ya mawingu, mlima hauonekani kabisa, lakini ameandika Kilimanjaro, theluji, kilele na kupanda mlima. Kila anayetafuta picha ya kilele anaonyeshwa mibuni, naye anapita bila kubofya. Dawa hapo ni kuondoa yale maneno na kuliacha shamba litafutwe na wanaotafuta mashamba.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niwe mgumu sana wa kufuta, nalo ni wakati. Wengi wetu tunaoishi huku tuna picha nyingi za aina inayoruhusiwa kwa matumizi ya habari tu: mitaa, masoko, vivuko, majengo, watu wakiwa kazini. Picha hizi hazifanani na picha ya kikombe cha chai juu ya meza nyeupe. Thamani yake haimo katika uzuri tu, bali katika ukweli kwamba kitu fulani kilikuwa hivyo siku fulani. Beit al-Ajaib kule Mji Mkongwe lilikuwa jengo ambalo kila mgeni alilipiga picha, na kwa sababu hiyo picha zake zilikuwa nyingi kupita mahitaji, zangu zikiwemo, ambazo zilikaa muda mrefu bila mnunuzi. Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Kuanzia hapo, aliyetaka kueleza kilichopotea alihitaji picha za kabla, zenye mnara wa saa na baraza zake zikiwa kamili, na aliyekuwa amezifuta hakuwa na njia ya kurudi kuzipiga. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa soko kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililoungua Julai 10, 2021. Picha ya kawaida ya wachuuzi chini ya lile paa la zege, iliyokuwa haisemi lolote kwa mnunuzi wa 2018, ikawa ushahidi.

Si lazima kutokee maafa. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, picha zote za sokoni zenye mifuko ya rambo zilipata tarehe ambayo hazikuwa nayo kabla, na hadi leo zinatafutwa na wanaoandika juu ya mazingira. Noti ya zamani ya shilingi elfu moja ya Kenya ilikoma kuwa halali Septemba 30, 2019, na picha zake zikahama kutoka mada ya biashara hadi mada ya historia ya fedha. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la Ziwa Victoria mkoani Mwanza, lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya magari yakingoja kivuko kule ikawa jambo la zamani kwa siku moja. Anayefuta kwa kuangalia mauzo ya miaka mitatu anajinyima yote haya, kwa faida ambayo, nje ya Alamy, sioni inatoka wapi.

Hoja hiyo ina mpaka wake. Haimlindi mwenye picha mia mbili za jua likizama Nungwi, wala maua, wala mawingu, wala mkono ulioshika simu. Vitu hivyo havibadiliki, wapigaji ni wengi duniani kote, na picha ya namna hiyo iliyokaa miaka mitatu bila kubofywa haitapata mnunuzi kwa sababu ya kuzeeka.

Kabla ya kuhukumu, nashauri kila picha isomwe upya maelezo yake, kwa maana picha isiyoonekana haiwezi kuuzwa hata ikiwa nzuri namna gani. Wanunuzi wengi hutafuta kwa Kiingereza na hutafuta mada, si vitu tu. Nina picha ya mama lishe akichochea jiko la mkaa, ambayo mwanzo niliiandikia kwa kifupi kwamba ni mwanamke Mwafrika anayepika. Baadaye suala la nishati safi ya kupikia likawa kubwa, serikali ikazitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huo ukafanyika mkutano wa Paris kuhusu nishati hiyo barani Afrika. Nilipoiongezea picha ile maneno yanayohusu mkaa, moshi wa jikoni, ukataji miti, afya ya mapafu na biashara ndogo ya chakula Dar es Salaam, ilianza kununuliwa. Adobe Stock huruhusu maneno 49 na huyapa uzito zaidi yale kumi ya mwanzo, kwa hiyo mpangilio nao una maana. Shutterstock huruhusu 50. Sizungumzii kujaza nafasi zote, kwani neno lisilo la kweli huleta dhara lile lile nililolieleza kwa Alamy. Ukisharekebisha, ipe picha angalau mwaka mzima, ili ipitie Ramadhani, Krismasi, msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara na msimu wa mavuno, kwa kuwa wahariri hununua picha za msimu wiki au miezi kabla ya msimu wenyewe.

Sababu ninazozikubali za kufuta ni chache. Ya kwanza, na isiyo na mjadala kwangu, ni haki ya mtu aliyemo pichani. Ikiwa uliuza kwa matumizi ya kibiashara picha ya mtu ambaye hukupata saini yake kwenye fomu ya ridhaa, au ya mtoto ambaye mzazi wake hakuelewa picha inakwenda wapi, au ya mgonjwa, iondoe leo, hata ikiwa ndiyo inayouza kuliko zote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata kabla ya sheria hizo mtu alikuwa na heshima yake. Ujue pia kwamba kufuta hakurudishi leseni zilizokwisha kuuzwa: aliyenunua jana ataendelea kuitumia kwa mujibu wa mkataba wake. Ndiyo maana sababu hii haingoji.

Ya pili ni picha zinazofanana mno. Ukipakia picha kumi na mbili za ngalawa ileile, kutoka upande uleule, mnunuzi hugawanya mibofyo yake kati ya hizo zote na hakuna inayopata nguvu ya kupanda. Baki na ya mlalo, ya wima, na moja yenye nafasi tupu ya kuandikia maneno. Hapa, hata hivyo, usichague kwa macho peke yake. Ile iliyowahi kuuzwa, hata kama unaona mwenzake ni mzuri zaidi, ndiyo ibaki, kwa sababu ina historia, na picha ikifutwa historia hiyo hufutika nayo. Ukiipakia tena inaanza upya kwa namba mpya, na wateja waliokuwa wameihifadhi katika makusanyo yao ili waje kuinunua hawataiona tena.

Ya tatu ni ubora. Picha za kamera ya zamani zenye chembechembe nyingi, madoa angani yatokanayo na vumbi kwenye kihisio cha kamera, au upeo wa bahari uliopinda zinamfanya mteja aliyefungua ukurasa wako aondoke, na hizo ziondolewe bila huzuni, isipokuwa zikiwa zimebeba tukio lisilorudiwa.

Kuna jambo jipya kidogo ambalo wengi hawaliweki katika hesabu. Adobe ilipotumia picha za Adobe Stock kufundishia Firefly, programu yake ya akili bandia inayotengeneza picha, mwaka 2023, ilitoa malipo ya ziada kwa wapiga picha, na hesabu yake ilizingatia idadi ya picha zilizokubaliwa pamoja na leseni zilizouzwa. Mtu anaweza kuwa na msimamo wake juu ya mashine zinazotengeneza picha, na wangu si wa kushangilia, lakini kwa hesabu ya namna hiyo picha isiyouzwa nayo ilikuwa na fungu.

Kwa picha elfu mbili, ningegawa kazi hivi. Pakua kwanza orodha ya mauzo na maelezo ya picha zote, uihifadhi pamoja na faili halisi kwenye diski mbili. Pitia picha za watu kabla ya nyingine zote. Kisha ingia Alamy, panga picha kwa zile zilizotokea mara nyingi bila kubofywa, na urekebishe maneno yake. Zile ambazo hata baada ya marekebisho zinaendelea kupitwa, ziondoe huko tu, uziache kwa mawakala wengine ambako hazimdhuru mtu. Mafungu ya picha pacha yaje mwisho. Soma pia mkataba wa kila wakala kabla ya kufuta kwa wingi, kwa sababu baadhi yao wanaweka masharti juu ya muda na kiasi cha picha unachoweza kuondoa kwa pamoja, na picha zilizosambazwa kwa washirika wao huchukua muda zaidi kutoweka, jambo ambalo lina uzito mkubwa pale unapoondoa picha kwa ombi la mtu aliyemo.